Mpira wa Juu ya Mafiga

"Kama ningekuwa nimeuiba mimi," Febronia alisema, "ningekimbia nje mwenyewe kupiga kelele kwamba umeibwa?"

Inspekta Loyce Msengi alikwisha kulisikia swali hilo kutoka kwa wezi wengi kuliko wasio wezi, kwa hiyo hakulijibu. Alikuwa akiangalia khanga. Mwanamke aliyeketi mbele yake kwenye benchi la kituo alikuwa amekaa mahabusu tangu Jumatano, na leo ilikuwa Ijumaa, lakini upindo wa khanga yake ulikuwa bado na doa pana la mafuta.

"Doa hilo la nini?"

"Mafuta ya mkia wa kondoo. Niliyayeyusha asubuhi ile niupake mpira, maana kesho Jumamosi ligi ya kijiji inafunguliwa. Nikatoka kwanza kuchota maji; niliporudi nikanyoosha mkono kuuteremsha, nikashika kamba tupu."

"Jikoni kwako anaingia nani?"

"Mimi na wanangu. Na wanawake wenzangu wakija kuomba moto."

"Wanaume?"

Febronia karibu acheke, pamoja na shida zake zote. "Wa ukoo ule, afande? Mkwe aingie jikoni kwa mkamwana wake? Afadhali aende kanisani bila shati."

"Ndiyo maana uko hapa."

"Ndiyo maana niko hapa. Wamesema mwanaume hawezi kuingia, basi aliyeutoa ni mimi."

Jalada lake lilikuwa mezani tayari, na mchana lingepelekwa mahakamani. Hilo Febronia hakuliogopa sana. Alichoogopa ni kikao cha ukoo kilichokaa jana. Mumewe alifariki miaka mitatu nyuma, yeye ni Mgogo wa Manyoni aliyeolewa huku Iramba, na wazee walikuwa wameamua kwamba akifikishwa kortini atarudishwa kwao Manyoni peke yake. Watoto wawili wangebaki Kinampanda, kwa kuwa ni wa ukoo.

"Wataitwa watoto wa mwizi na mimi sipo," alisema, na sasa alilia waziwazi. "Afande, hilo ndilo siliwezi."

Loyce alisimama akafunga koti lake. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake kule Singida Mjini. Hakujua kusema "tutajaribu."

"Jalada lako haliendi popote," alisema. "Kabla ya mchana nitakuwa hapa na mpira wenu."

Garini, Koplo Idrissa alisubiri mpaka wakatoka nje ya mji ndipo akasema, "Afande, umemwahidi mtu."

"Nimemwambia ninachokwenda kufanya. Endesha."

Njiani kuelekea Kinampanda Idrissa alimweleza habari za mpira huo, maana alikuwa amezisoma usiku kucha kama mtihani. Zamani za Waingereza alikuja mpima barabara mmoja, Bwana Hartley. Kabla ya kuja Tanganyika alikuwa kipa wa timu ya Ackerdale, mji mdogo wa viwanda vya pamba huko kaskazini mwa Uingereza, na katika msimu wa 1908 kwenda 1909 timu hiyo iliyodharauliwa na kila mtu ilitwaa kombe la wilaya yao. Mpira wa mechi ya mwisho alipewa yeye. Alisafiri nao mpaka Iramba, akawafundisha vijana kucheza, na alipoondoka alimwachia kipa wake wa hapa. Kipa huyo ndiye aliyemzaa Mzee Antipasi Mkumbo, mkuu wa ukoo, baba mkwe wa Febronia na mlalamikaji.

"Hartley aliwaachia na msimu wenyewe," Idrissa alisema. "Kila mwaka siku ya kufungua ligi, mkuu wa ukoo anaushika ule mpira na kuusema msimu mzima wa Ackerdale kwa kichwa, mechi baada ya mechi. Bila hivyo hawaanzi kucheza. Na kipa wao mpaka leo anavaa jezi sawa na wenzake. Waamuzi wamepiga kelele mpaka wamechoka."

"Kwa nini sawa?"

"Kwa sababu huo ulikuwa msimu wa mwisho makipa wa Uingereza kuvaa rangi moja na timu. Uliofuata wakaamriwa rangi tofauti. Tena enzi zile kipa aliruhusiwa kuushika mpira kwa mikono mpaka karibu na mstari wa kati."

Loyce alimtazama. "Umesoma haya yote jana?"

"Afande, mimi ni kipa wa timu ya polisi. Haya nayajua kabla sijaijua sheria ya ushahidi."

"Hilo nimeshaligundua," Loyce alisema.

Simu ya kesi hii ilikuwa imefika mkoani kwa sababu ya mtu wa tatu. Derick, kijana wa Dar es Salaam mwenye kamera mbili na kofia ya gharama, alikuwa amepanga chumba kijijini wiki nzima akitengeneza filamu kuhusu mpira huo. Mtu wa Dar, kamera, kitu cha kale kimepotea. Mkuu wa upelelezi alishaona kesi imekwisha: mwanamke kaiba, kijana kanunua, kilichobaki ni pingu ya pili. Loyce hakupenda kesi zinazokwisha kabla hajafika.

* * *

Jiko la Febronia lilikuwa nyumba ndogo ya tofali mbichi na bati, imejitenga na nyumba kubwa. Mlango haukuwa na kufuli. Ulifungwa kwa waya uliosokotwa, ambao mtoto angeweza kuufungua.

"Mimi naruhusiwa?" Idrissa aliuliza, mguu mmoja hewani.

"Umeoa hapa? Una undugu hapa?"

"Hapana."

"Basi wewe ni polisi tu. Ingia uangalie, na usiguse sufuria za watu."

Ndani palikuwa na giza la masizi. Karibu na mlango, upande wa kulia, sakafu ilikuwa na alama tatu za duara ambapo mawe yalikaa miaka mingi, na ukuta wa hapo ulikuwa mweusi wa kung'aa. Lakini mawe yenyewe hayakuwapo. Loyce alizunguka kihenge kikubwa cha kuhifadhia uwele kilichogawa chumba, na nyuma yake, kwenye kona ya ndani kabisa, akayakuta mafiga matatu na majivu yaliyopoa. Juu yake kamba ya katani ilining'inia kutoka kwenye boriti.

Hapo ndipo mpira ulipokaa, kwenye moshi, kama mahindi ya mbegu. Ngozi iliyopakwa mafuta ya kondoo na kufukizwa moshi kila siku hailiwi na wadudu wala haipasuki.

Loyce alisimama juu ya kigoda akaishika ncha ya kamba. "Imekatwa kwa kisu. Fundo bado liko hapa chini, pembeni mwa majivu."

"Mwenye jiko angelifungua," Idrissa alisema. "Analifunga na kulifungua kila mwaka."

"Umeanza kuijua sheria ya ushahidi."

Nje alikuwapo Aneth, jirani aliyekuwa akiwalea watoto wa Febronia tangu Jumatano. Alikuwa akipepeta uwele, na upepo ulimsaidia kuliko alivyotaka. Loyce alimuuliza kuhusu yale mawe.

"Si upepo huu, dada yangu," Aneth alisema. "Mwaka huu kipupwe kimekuja na nguvu. Ulikuwa unaingia mlangoni unatawanya moto. Juzijuzi hapa, alizeti tumeshavuna na kumaliza kabisa, nikamsaidia Febronia kuhamisha mafiga yake kule nyuma ya kihenge. Na mpira tukauhamisha, ufuate moshi."

"Wanaume wa nyumba hii wanajua kwamba mafiga yamehama?"

Aneth aliacha kupepeta. "Wajulie wapi? Nani aende kumwambia baba mkwe habari za moto wake? Hata akipita hapa anageuza uso."

"Toka nje mlangoni mafiga yanaonekana?"

"Kihenge kimeziba. Jaribu mwenyewe."

Loyce alijaribu. Akasimama kizingitini, akachuchumaa, akainama kushoto na kulia. Hakuona hata jivu. Akamshukuru Aneth, akaufunga mlango kwa waya vilevile alivyoukuta.

* * *

Mzee Antipasi alikuwa barazani kwake amejifunika blanketi, kofia ya sufi kichwani. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Sixbert Mkumbo, mwenyekiti wa timu ya kijiji na mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu wa miaka sitini hivi, mnene, shati limepigwa pasi. Derick alikuwa amekaa mbali kidogo kwenye ndoo iliyopinduliwa, na sura ya mtu aliyeshauriwa asiondoke.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," Mzee Antipasi alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Umekuja kuchukua maelezo mengine? Nimeshayatoa. Yameniuma kuyatoa, lakini nimeyatoa."

"Nimekuja kwa jambo dogo, mzee. Nataka kila mmoja wenu anisaidie kwa zamu, pale nyuma ya zizi la mbuzi. Wengine wabaki hapa na koplo."

Alianza na Derick. Nyuma ya zizi palikuwa na mchanga laini. Loyce aliokota kijiti akampa.

"Nichoree jiko la Febronia. Mlango uko wapi, moto uko wapi, mpira ulikuwa wapi."

"Sijawahi kuingia, afande. Mpira aliniletea nje, nikaupiga picha kwenye mwanga. Aliniambia hata yeye anaushika kwa kitambaa." Derick alichora mraba, akaweka mlango, akasimama. "Zaidi ya hapo nitakuwa nabuni."

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi?"

"Singida Mjini. Nilikwenda Ziwa Kindai kupiga picha za ndege, jioni ndiyo nikarudi na basi." Alitoa simu, akamwonyesha picha moja baada ya nyingine: maji, mawe makubwa, heroe, na yeye mwenyewe akila samaki na dereva wa bodaboda aliyemzungusha. Namba ya dereva aliitoa bila kuombwa. Loyce aliipiga palepale, akapata mtu mchangamfu aliyemkumbuka Derick vizuri kwa kuwa aliogopa kila kona.

"Nitakuuliza jingine. Umekaa hapa wiki nzima unawarekodi watu. Nani hampendi Febronia?"

Derick aliitazama baraza kabla ya kujibu. "Jumapili niliwarekodi wakifanya mazoezi ya kuusema msimu. Mzee Antipasi alifika mechi ya theluji, akapotea. Akanyamaza, watu wote wamenyamaza, mpaka aibu. Halafu sauti ikatoka uani: 'Mechi ya theluji, Hartley aliudaka mstari wa kati, akaurusha, wakafunga.' Ni Febronia, alikuwa anaosha vyombo. Mzee akamwambia aendelee. Akausema msimu wote mpaka kombe, afande, bila kukosea. Mzee alilia kwa furaha. Akatangaza kwamba yeye amezeeka na kuanzia Jumamosi atakayeusema msimu ni mkamwana wake."

"Na watu wakasemaje?"

"Walipiga vigelegele. Isipokuwa mwenyekiti. Alinyanyuka akaondoka, chai yake ikabaki palepale."

Loyce alikifuta kile kimraba kwa kiatu. "Asante. Kaa hapa kijijini mpaka kesho. Utapata mwisho mzuri wa filamu yako."

Mzee Antipasi alikuja akitembea kwa fimbo. Alipoambiwa kuchora alishtuka, akaona haya kabisa, kana kwamba ameombwa avue nguo.

"Mwanangu, mimi jiko la mkamwana silijui."

"Nichoree unavyolijua, mzee. Lilikuwa la nani kabla yake?"

"La marehemu mke wangu." Basi akachora, taratibu: mlango, kisha mafiga hapohapo kulia mwa mlango, na mpira juu yake. "Nilikuwa napitishiwa uji hapa nikiwa nimesimama nje. Mpira uko juu ya mafiga. Tangu utoto wangu uko hapo."

Loyce aliutazama mchoro ule kwa heshima, maana kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa wakati. "Mzee, wewe ulijuaje kwamba mwizi ni Febronia?"

"Tulijiuliza wote. Nani mwingine anaweza kuingia? Sixbert akasema, kaka, hili jambo halina mlango mwingine. Nikaona ni kweli. Ningefanyaje?"

"Ungemuuliza yeye," Loyce alisema, bila ukali, lakini alisema. Mzee aliinamisha kichwa.

Sixbert alikuja mwisho, na alikuja kama mtu anayekwenda kutoa hotuba. Loyce alimwacha aongee. Alimsifu kwa timu, akamuuliza habari za alizeti mwaka huu, akampa pole kwa kuonekana amechoka.

"Kwangu hakupikwi siku hizi, mama, nifanyeje?" Sixbert alisema. "Mke wangu Elina yuko Itigi anamuuguza mama yake, aliondoka kabla hatujavuna. Chai yangu nakunywa na wafanyakazi pale mashineni."

"Pole sana. Nimeambiwa hapa mila ya ukwe mnaishika kweli."

"Sana! Huyu Febronia ni mke wa mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo ni mkamwana wangu kabisa. Jikoni kwake sijakanyaga tangu aolewe. Wala sizungumzi habari zake. Mwanamke akianza kunisimulia mambo ya jiko la mkamwana namwambia nyamaza, unanitia aibu." Alipandisha sauti ili hata barazani wasikie. "Ndiyo maana nikasema: mwanaume wa ukoo huu hawezi!"

"Nakuamini mila unaijua. Hebu nichoree jiko lilivyo, nijue mwizi alipita wapi. Nimechanganyikiwa na lile giza."

Alimpa kijiti. Sixbert alikuwa mwenyekiti kwa miaka mingi, na mwenyekiti akiombwa kumwelewesha mtu hawezi kujizuia. Akachora mraba. Akaweka mlango. Akachora duara kubwa katikati. "Hapa kihenge." Akazunguka duara, akachoma kijiti mara tatu kwenye kona ya nyuma. "Mafiga. Na mpira juu hapa. Kwa hiyo mtu lazima azunguke kihenge ndipo—"

Alikuwa ameona uso wa Loyce, au pengine alikuwa ameuona mchoro wake mwenyewe.

"Endelea, mwenyekiti."

"Ndivyo... majiko yote yako hivyo."

"Kaka yako amechora mafiga mlangoni, yalipokuwa tangu utoto wake. Wanaume wa ukoo huu wote wangechora hivyo. Mafiga yamehamia nyuma ya kihenge juzijuzi, kwa sababu ya upepo, alizeti zikiwa zimeshavunwa. Nani alikwambia?"

"Mke wangu."

"Yuko Itigi tangu kabla ya mavuno. Umeniambia mwenyewe."

"Basi nilisikia kwa wanawake."

"Wewe ukiwasikia unawanyamazisha. Umesema kwa sauti, kaka yako amesikia."

Sixbert alikirusha kijiti. Jasho lilikuwa limemtoka na upepo wa Iramba haukuwa wa kumtoa mtu jasho. "Sikiliza, mama. Kujua kona si kuiba. Mchoro wa mchangani utaupeleka kortini? Tafuteni mpira. Mkiupata kwangu, nifungeni."

"Hilo ni neno zuri sana," Loyce alisema. "Twende."

* * *

Idrissa alitaka waanzie nyumbani kwa Sixbert. Loyce alikataa hata kusimamisha gari.

"Fikiri kama mwizi mwenyewe," alimwambia, Mzee Antipasi akiwa amekaa nyuma na Sixbert pembeni yake. "Mtu huyu hakuiba auze. Angetaka kuuza, mnunuzi wa kwanza ni yule kijana wa kamera, na yule hajaulizwa bei hata siku moja. Aliutaka mpira utoke kwa mwanamke. Kwa hiyo hataki uharibike. Amezaliwa akiukuta kwenye moshi, na anaamini ukikosa moshi wadudu watautafuna. Nyumbani kwake hakuna anayewasha moto, mke hayupo. Moto wake uko wapi?"

Idrissa alifikiri. "Chai ananywa na wafanyakazi mashineni."

"Ndiyo."

Mashine ya alizeti ilikuwa ikinguruma, na harufu ya mafuta mapya ilijaa uwanja mzima. Wafanyakazi walisimama walipomwona mwenyekiti ameshuka kwenye gari la polisi. Loyce aliwasalimia, akapita magunia ya alizeti, akapita magunia ya mashudu, masalia ya mbegu zilizokamuliwa, yaliyopangwa hadi darini kusubiri wafugaji, akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye kibanda cha mabati walikopikia ugali wao. Mafiga matatu. Moto mdogo, birika juu yake. Na juu ya birika, kwenye nondo ya paa, gunia moja la mashudu lililofungwa kamba.

"Gunia hilo la nini?" alimuuliza mpishi wao.

"La mwenyekiti. Alilitundika Jumatano, akasema ni dawa ya mifugo, inataka moshi. Tusiliguse."

"Magunia yote ya mashudu yako chini na hili liko juu," Loyce alisema. "Koplo, wewe ndiye kipa."

Idrissa alipanda kwenye tofali, akakata kamba, na gunia likaangukia mikononi mwake. Alilidaka vizuri. Ndani ya mashudu alikipapasa kitu cha duara, akakitoa, akakipangusa. Ngozi nyeusi kama chungu, imeshonwa vipande virefu, mdomo wake umefungwa kwa uzi wa ngozi. Ulinuka moshi na kondoo. Kwa muda koplo alisahau kabisa kazi yake, akausimamisha mpira kiganjani akiutazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Mzee Antipasi hakuutazama mpira. Alimtazama ndugu yake.

"Sixbert. Uliingia jikoni kwa mkamwana?"

Hilo ndilo lililomvunja. Wizi angeubishia mpaka kesho.

"Msimu ni wetu, kaka!" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyimwa. "Miaka yote hii nasubiri. Nausema usiku nikiwa nimelala peke yangu, sikosei hata mechi moja. Wewe ulipokwama nilikuwa nimekaa hapo pembeni yako, nilikuwa nafungua mdomo. Nilikuwa nafungua mdomo, kaka! Yeye akanitangulia kutoka kwenye masufuria. Ukampa yeye. Mgogo, mwanamke, aliyeolewa juzi."

"Ukaona afungwe?"

"Niliona arudi kwao. Basi. Kesho kabla ya ligi ningeuokota mahali, tungeendelea."

"Na watoto wake?"

Sixbert aligeuka kuitazama mashine yake. Ndipo Loyce alipomwambia kwamba yuko chini ya ulinzi kwa wizi na kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Idrissa akautoa mkono mmoja kwenye mpira, kwa shida, akachukua pingu.

* * *

Walifika kituoni jalada likiwa bado mezani. Loyce alilichukua, akaweka mpira mahali pake juu ya meza, mashudu yakamwagika kwenye karatasi za watu, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Mzee Antipasi aliandikisha kufuta malalamiko yake dhidi ya Febronia. Sixbert aliketishwa kwenye benchi lile alilokuwa amekaa mkamwana wake asubuhi.

Febronia alitolewa. Aliuona kwanza mpira, kisha akamwona Sixbert, na akaelewa yote bila kuambiwa. Alijifunika khanga kichwani kwa adabu kwa sababu baba mkwe wake alikuwa mbele yake.

Mzee naye, kwa adabu ileile, aliongea huku akiutazama ukuta.

"Mwanangu, nimekukosea. Nimekutukana mbele ya ukoo, na mbele ya ukoo nitakuomba radhi leo hii jioni. Watoto ni wako, nyumba ni yako, atakayesema vingine aje kwangu. Kesho uwanjani nakuomba utusemee msimu. Ukikataa sitakulaumu."

Hata askari wa zamu aliacha kupiga mihuri. Loyce alirudi nyuma hatua mbili, akawapisha.

"Nitausema, baba," Febronia alisema. "Naujua wote, na naupenda. Lakini mpira haurudi jikoni kwangu."

"Utakaa wapi? Unataka moshi."

"Ukae kwako, barazani, kila mtu auone. Mkoke moto wenu wenyewe, muulishe kuni wenyewe. Siku ukipotea tena, muanze kuulizana ninyi kabla hamjamfunga mtu."

Mzee Antipasi alivua kofia yake ya sufi. Aliishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama mkamwana wake usoni.

"Moto nitaukoka mimi," alisema.

Febronia alitikisa kichwa kukubali. Akakunja khanga yake ya kujifunikia aliyolalia mahabusu, akaiweka kwapani, akamgeukia Loyce.

"Afande, kama gari linarudi Kinampanda, tuondoke sasa. Wanangu watakuwa wametoka shule."